Dawa yenu ya kutoa grisi imeharibu kava za Honda, naomba majibu ya kueleweka

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Habari za kazi ndugu meneja. Mimi ni fundi pikipiki hapa Tanga, nafufua pikipiki za zamani, na nimeamua kuandika barua kamili kwa sababu kwenye WhatsApp yenu nimejibiwa vitu ambavyo haviingii akilini kabisa.

Mteja aliniletea Honda CG125 ya marehemu baba yake, anataka kava za injini ziwe kioo, yaani ujione sura. Pikipiki ilikaa miaka karibu na bahari, kava zimejaa vidoti vyeupe vya chumvi na vanishi ya kiwandani imebabuka. Aliyewahi kuifanya hii kazi anajua ilivyo. Unatoa vanishi kwanza, unaingia na msasa wa maji namba 320 mpaka vishimo viishe, unapanda 600, 1000, 2000, na kila ukibadili namba unabadili na upande wa kusugua ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha, maana ukiacha mmoja tu wa 320 utakuja kuuona mwishoni kava ikishang'aa na hapo unarudi nyuma kabisa. Baada ya hapo gurudumu la katani na sabuni ya kupolishi ya kahawia, kisha gurudumu la pamba na sabuni nyeupe, na kila sabuni na gurudumu lake. Kwenye maandishi ya kiwandani nilisugua kwa kidole, sikupitisha mashine, yasije yakafutika. Zilitoka safi sana, nikamtumia mteja picha akanipigia simu anashukuru.

Kilichobaki ni kutoa tu yale mafuta ya sabuni ya kupolishi, ndio nikachukua dawa yenu. Mbele ya chupa mmeandika kwa herufi kubwa ni salama kwa metali zote, nyuma mmesema kizibo kimoja kwa lita moja ya maji, iache dakika tano. Nikafuata hivohivo. Vipovu vikaanza kutoka, nikasuuza hapohapo lakini kava zimeshakuwa za kijivu, ukipitisha kitambaa kinatoka na weusi.

Mtu wenu ananiambia eti hiyo ni kutu ya zamani imejitokeza. Ndugu yangu, kava hizi ni alumini, na alumini haishiki kutu kama chuma. Nimesoma yale maandishi madogo pembeni ya chupa, kuna sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni! Alumini inajikinga kwa ngozi nyembamba ya oksaidi, kostiki inaivua ile ngozi afu inaendelea kula metali yenyewe, na vile vipovu ni haidrojeni, gesi inayowaka, na karakana zetu huku mtu anachomelea hatua chache tu kutoka unapooshea vipuri. Kava za injini ni alumini ya kumimina, ina silikoni na shaba ndani yake, hizo kostiki haiziyeyushi, zinabaki juu na ndio ule weusi. Uso wa kioo ukishatafunwa hata kidogo mwanga unatawanyika, kwahiyo lazima nirudi kwenye msasa na kuanza upya, na kila ukirudia kava inazidi kuwa nyembamba na maandishi yanazidi kufifia, hilo hata mkinilipa halirudi.

Na kinachoniuma zaidi chupa yenu ina picha ya pikipiki. Silinda hedi ni alumini, pistoni alumini, krankesi alumini. Sasa mlikuwa mnamuuzia nani?

Naomba mnilipe gharama ya vifaa na ufundi wa kuzirudia kava zote mbili, risiti ya dawa na picha za kabla na baada nimeziambatanisha. Pili mtoe hayo maneno ya metali zote na muandike kwa Kiswahili, mbele, herufi kubwa, kwamba isitumike kwenye alumini. Tatu mziondoe chupa zilizopo kwenye maduka ya spea mpaka lebo ibadilishwe, maana vijana wa bodaboda wanaoshea injini nzima na hii dawa, tena mikono mitupu bila glavu.

Naomba majibu kwa maandishi, na yatoke kwa mtu anayejua kilichomo ndani ya chupa. Chupa yenyewe ninayo bado, imebaki nusu, mkitaka kuipima njooni muichukue.

Fundi pikipiki, Tanga