Kuhusu Mzee, kabla ya kikao cha familia

Makambako

Rafiki yangu mpendwa,

Kamwene. Pole tena na msiba wa Mzee, baba yako. Ulipoondoka kurudi Mwanza watu walikuwa bado wamejaa uani, hatukupata hata nafasi ya kukaa chini tukaongea. Mama anaendelea vizuri. Anakula kidogo na usingizi bado ni wa shida, ila jana ameanza kuulizia kuku wake, nami nimeona hiyo ni dalili njema. Turubai tumeshusha, sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe, na shangazi yenu amebaki naye mpaka arobaini.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno niliyoyasikia matangani. Kaka zako na wageni wengine waliotoka Dar walikuwa wamekaa upande wa ghala, wanasema Mzee alikuwa mtu mwema lakini alibaki mdogo. Kwamba wenzake wa miaka ya tisini leo wana malori na nyumba za kupangisha, na yeye ameacha mashine mbili za kusaga, moja ya kukoboa na ile ya kukamua alizeti. Mmoja akasema, "Baba hakuthubutu." Nilikuwa nagawa chai, nikanyamaza kwa heshima ya msiba. Kwako sinyamazi. Kiti cha karani pale mashineni nimekikalia tangu nimalize shule, vitabu vya mahesabu nimeviandika kwa mkono wangu, na najua kwamba Mzee alikataa ukubwa huo kwa makusudi, huku akijua anapoteza nini na anapata nini.

Kuthubutu gani wanakokutaka? Alikuwa kijana mdogo alipokwenda kufanya kazi kwenye reli ya TAZARA, na hakupangiwa sehemu ya tambarare. Alikuwa kipande cha kutoka Mlimba kupanda huku Makambako, kile cha mahandaki na madaraja, ambacho kila aliyeijenga reli ile atakwambia ndicho kilikuwa kigumu kuliko vyote. Huko ndiko alikojifunzia injini, kwa mafundi wa Kichina ambao hakuelewana nao lugha. Alisema walikuwa wanamwonyesha mara moja, wanaifungua wenyewe tena yote, halafu wanamwachia aifunge. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976 wengi walitafuta ajira humo humo relini. Yeye akaondoka na akiba yake, akanunua kwa misheni injini chakavu ya Lister na kinu kibovu, akavitengeneza.

Na alianza wakati mbaya. Vita ya Kagera ilipoisha mwaka 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni, na wewe unakumbuka sabuni na sukari vilivyokuwa vya foleni. Vipuri ndiyo kabisa. Mkanda wa mashine ukikatika ulikuwa umekatika. Mzee alikuwa anaununua ule wa ngozi kipande kipande, anatoboa matundu kwa msumari uliotiwa moto, anaushona kwa waya mwembamba huku ameubana katikati ya magoti. Kovu la kiganja cha kushoto lilitokana na waya huo. Mwaka 1983, kwenye msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa, watu waliogopa hata kukutwa na dumu la dizeli, na Mama anasema mashine ilisimama mpaka hali ilipotulia. Mwaka uliofuata masharti ya kusafirisha mahindi yalipolegezwa, biashara ikaanza kupumua.

Sasa nakuja kwenye hilo la malori, maana ndilo wanalolisema sana. Miaka ya tisini mwanzoni Shirika la Usagishaji la serikali lilikuwa limekwisha nguvu, na mahindi ya huku kwetu yalikuwa yanatafutwa Dar kama dhahabu. Makambako ilijaa madalali. Mwenzake mmoja, ambaye wewe na mimi tulikuwa tunamwita Baba Mdogo, alikuja na hesabu zote mezani: wanunue lori kwa ubia, mmoja akusanye mahindi, mwingine ayapeleke Manzese na Tandale. Mama alikuwepo. Anasema Mzee alizipitia zile hesabu mara mbili, akakubali kwamba faida ipo, kisha akauliza, "Nikienda narudi lini?" Yule bwana akamwambia inategemea na soko, wiki, pengine mbili. Mzee akamrudishia karatasi yake.

Nyinyi mlikuwa watano, mdogo kabisa akiwa bado mgongoni. Watoto wangapi wa mtaa wetu waliwajua baba zao kwa zawadi za Dar tu? Mimi ni mmoja wao, na ndiyo maana nilikuwa sibanduki kwenu jioni. Saa kumi na mbili na nusu mashine inazimwa, hata kama foleni ya madebe imefika barabarani. Wateja walinung'unika, wengine walihamia kwa jirani. Yeye alikuwa anasema aliyekuja jioni ataamka nayo asubuhi. Kisha mezani, karabai katikati, madaftari yenu yamefunguliwa, na la kwangu pia. Hesabu za mafungu alinifundisha yeye, kwa kugawa debe.

Na hakukaa tu akingoja pesa zimfuate. Hapo ndipo ninapowashangaa wanaosema alibaki mdogo. Aliona watu wanakoboa mahindi wanaacha pumba zinaoza, akazinunua kwa bei ya kutupa na kuwauzia wafuga nguruwe. Akaona alizeti ya Wanging'ombe inapita hapa ikiwa mbegu, na mafuta wanatuletea watu wengine, ndipo akatafuta ile mashine ya kukamua. Mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, nayo hayakutupwa. Kuna miezi, nakuapia, ambayo mashudu na pumba vililipa umeme wote na mishahara yetu. Unga wake ulikuwa na jina. Alikuwa anaweka kiganja chini ya mfuko unga ukiwa bado wa moto, anausugua kwa kidole gumba, na akisikia chenga anazimisha mashine kubadili chekeche, wewe mwenye debe utasubiri tu.

Tena wasimfanye malaika wa uongo. Mtu mmoja alisimama makaburini akasema Mzee alikuwa anasamehe madeni. Haikuwa hivyo! Alikuwa anadai, na alikuwa anadai mpaka mlangoni. Ila deni la mama aliyesagiwa mwezi wa pili, njaa ikiwa kali, alilipokea wakati wa mavuno kwa mahindi, na kwa bei ya siku ile aliyokopa, hata mahindi yakiwa yamepanda au kushuka. Kitabu changu kina mistari hiyo mingi. Mimi naona hiyo ni heshima kubwa kuliko msamaha, na wenye madeni hayo ndio waliobeba jeneza.

Kuna jambo jingine ambalo Mama ameniambia wiki hii, na nimemwomba ruhusa nikuandikie. Kile chumba cha kuogea nyuma ya mashine, chenye bati moja na jiwe la kusimamia, mimi na wewe siku zote tulidhani ni cha wafanyakazi. Alikijenga kwa ajili yako. Ulikuwa na miaka kama mitano pumu ilipokushika vibaya, na daktari aliposikia kazi ya nyumbani kwenu akasema vumbi la unga linakuchokoza. Mama alifikiri Mzee atakutuma kwa bibi yako ukakae huko. Hakutaka hata kulisikia. Kesho yake alianza kupanga matofali. Kuanzia hapo hakuwahi kuingia ndani na nguo za mashineni. Alikuwa anaoga pale jioni, anavaa shati safi alilolitundika kwenye msumari, ndipo anavuka uwanja kuja kula na nyinyi. Unaijua Juni ya Makambako ilivyo, na unajua yale maji yalikuwa ya pipa. Mama anasema kuna usiku alikuwa anafika mezani midomo imekufa ganzi, hawezi kushika kijiko. Aliendelea mpaka ulipokwenda bweni, na likizo zikifika alianza tena.

Nimelia niliposikia. Nimekuwa karani wake miaka yote hiyo, sabuni ya kile chumba nilikuwa nainunua mimi mwenyewe na kuiandika kwenye matumizi, na hakuwahi kuniambia ni ya nini. Ada zenu nazo ziko kwenye vitabu hivyo hivyo. Hakuwa na kitabu cha biashara na kingine cha nyumbani: dizeli, mkanda, ada ya kidato cha tatu, nyundo mpya, viatu vya shule, vyote vimefuatana kwenye ukurasa mmoja. Mtu wa benki aliyekuja kumpa mkopo alimwambia atenganishe. Akamjibu kwamba akivitenganisha hatajua anafanya kazi ya nini. Mkopo hakupata, na mashine ya pili ikachelewa. Kihesabu yule mtu wa benki alikuwa na haki, nami ningemshauri hivyo hivyo mfanyabiashara mwingine yeyote. Lakini watoto watano wamesoma, na hakuna aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada hata muhula mmoja.

Sasa lililo mbele yetu. Kaka zako wanataka kuuza kiwanja na mashine, wanunue shamba la parachichi kule Njombe. Parachichi siyapingi, watu wanapata kweli. Ila Mama hataki, na anaona aibu kuwapinga wanawe mbele ya ukoo. Ameniambia mimi kwa siri, na nimemwambia nitakuandikia wewe. Mashine zinafanya kazi, mota ya kubwa tumeisuka upya kabla Mzee hajaugua, na wateja wamesharudi. Vijana wawili wa kusaga wanaaminika. Vitabu nimevifunga mpaka mwisho wa mwezi uliopita, na nakala ya kurasa za mwaka huu nimeiweka humu ndani ya bahasha uione mwenyewe.

Kikao ni siku moja kabla ya arobaini. Kama ruhusa ya kazini itakubana, piga simu kabla hawajakaa, uongee na kaka yako mkubwa, wewe anakusikiliza. Mwambie Mama anataka nini. Na habari ya chumba cha kuogea mwambie wewe, mimi sina mamlaka ya kumsimulia mtu habari za baba yake. Ukija, shuka stendi ukiwa umeshanipigia, nitakuja kukupokea na kile kibajaji cha mashineni. Mletee Mama dagaa wa huko, ameniuliza mara mbili.

Wako wa siku zote,
karani wa Mzee