Barua kwa mwanangu: pima dirisha kwanza

Mwanangu Rehema,

Picha ya fremu ya biashara yako kule Mbagala tumeiona. Hongera sana. Mtaji umeukusanya mwenyewe bila kukopa, nimewaonyesha watu msikitini mpaka wamenichoka. Ila picha nimeivuta mara tatu: hilo jiko la nyuma lina dirisha?

Jumanne nilimpeleka mama yako kliniki. Presha iko sawa. Kijana wa mazoezi ya viungo alimwambia akunje mikono kifuani, asimame na kukaa kwenye kiti mara tano. Ikizidi sekunde 15, nguvu ya misuli imepungua. Saa nilishika mimi. Zilifika 24, na ya mwisho alijisaidia na mkono.

Kumbe ina jina, sakopenia. Misuli huanza kupungua ukifika umri wa miaka 30, asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na ukivuka 60 inakwenda mbio. Uzee upo, sikatai. Lakini namzidi miaka sita na ndoo mbili bado nabeba. Kijana akauliza, "Mama anapikia nini?" Nikawahi kujibu mimi: kuni, na mkaa.

Nimefundisha sayansi miaka 31 na hili sikuwahi kulisema darasani. Moshi una chembe zisizozidi mikromita 2.5, unywele mmoja unazizidi unene kama mara 30. Haziishii mapafuni. Nyingine hupenya kwenye damu, mwili ukakaa vitani kila siku, na vita hiyo inatafuna misuli. Tafiti za nchi kadhaa zimekuta walioishi miaka mingi kwenye hewa chafu wana mikono dhaifu kuliko wenzao. Si moshi peke yake. Mama yako naye nyama anawaachia wajukuu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema wastani wa mwaka wa chembe hizo hewani usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Jiko la kuni lisilo na dirisha linapita hapo mara nyingi mno.

Basi hilo la kwako lina dirisha? Usiniambie mlango unatosha. Na jiko la maranda usiliguse, hata kama jirani anakusifia urahisi wake. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, wewe msomi wangu ndiyo kwanza unaingia kwenye mkaa, tena na mtoto mgongoni!

Kwenye mwimo wa mlango wa jiko letu kuna mahali pamesuguliwa mpaka mbao inang'aa katikati ya masizi. Ndipo anaposhika akiinuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mwaka jana niliwagombeza watoto wapasafishe. Ramani ya jiko hilo nilichora mimi, na tofali lilikuwa nafuu kuliko mbao na wavu.

Fundi Saidi anakuja Jumamosi kutoboa ukuta. Nitumie vipimo vya ukuta wako kwa sentimeta, atengeneze madirisha mawili kwa pamoja. Mama yako ameambiwa ale mayai na maharage, na asimame kitini mara kumi asubuhi na jioni. Jioni anasingizia swala.

Kuku wako mwekundu ametotoa saba, kunguru kachukua mmoja. Ule mtungi wa gesi uliouleta sikukuu ya Idi nimeutoa chini ya kitanda. Mpira wake umepasuka, ukija nunua mwingine.

Baba yako