Na mama wa mbaazi tumwite nani?

Mhariri, salamu kutoka Malindi. Naandika kuhusu hili neno fast food, yaani chakula cha haraka, maana mnalitumia kila mara kama vile maana yake ni chipsi na kuku wa kukaanga basi, na watoto wetu washalishika hivyo hivyo.

Jumamosi binti yangu aliniganda anataka fast food, nikampeleka duka moja la chipsi hapa mjini, tukakaa dakika arobaini na kitu kuku hajatoka, na chipsi zenyewe zikaja zimepoa. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa kwa mama wa mahamri huku Shella, nikamwambia tu mama nipe mahamri manne na mbaazi, sijatoa hata pesa mfukoni ashanifungia. Sasa hapo cha haraka ni kipi?

Neno lenyewe limetoka Marekani na ni namna ya kuuza, si aina ya chakula. Wale ndugu wawili McDonald wa San Bernardino, California, mwaka 1948 walifunga mkahawa wao kwa muda, wakapunguza menyu ikabaki vitu 9, wakaondoa wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, kazi ikawa inafanywa kabla mteja hajafika, wakauza hambaga senti 15. Na mama wetu je? Mbaazi kazirowesha tangu jana, unga kaukanda usiku umeumuka, alfajiri nazi ishakunwa ishakamuliwa, na vitu vyake ni viwili vitatu tu. Ni kazi ile ile jamani!

Sisemi kila cha barabarani ni kizuri kwa mwili, viazi karai navyo vinazama kwenye mafuta na mimi navipenda sana. Lakini mkiandika fast food inaleta presha na sukari, huyu mama yumo au hayumo? Andikeni mnachokusudia, mafuta mengi, chumvi, soda, kwa sababu haraka peke yake haimuumizi mtu.

Nilipomwambia binti yangu mahamri pia ni fast food akanijibu, "Hapana baba, hicho ni chakula tu." Iliniuma, maana alikisema kama kitu cha chini.

Naomba siku moja mmtume mwandishi wenu aje hapa saa kumi na mbili asubuhi, ashike saa mkononi ahesabu, halafu jioni aende kule kwenye chipsi ahesabu tena, na mchape hesabu zote mbili gazetini.

Msomaji wenu,
Shella, Malindi