Barua kwa Baba Zuhura kuhusu Asha na ile nywila

Tanga, Jumapili jioni

Kwako Baba Zuhura,

Salamu sana. Sisi huku hatujambo, mvua imeanza kwa fujo, na mama watoto anauliza ule mchele wa Kyela umefikia wapi. Mengine nitakuandikia siku nyingine, kwa sababu ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Unasema kuna mtu alipiga simu saccos yenu akajifanya fundi wa mfumo, Asha akamtajia nywila, na sasa kamati inataka kununua mtambo wa ulinzi wa milioni kumi na nane na kumwachisha kazi binti wa watu.

Kabla hamjafanya lolote kati ya hayo mawili, naomba umfikirie Kevin Mitnick, yule mdukuzi wa Marekani aliyekamatwa Raleigh mwezi Februari 1995 baada ya kutafutwa na FBI kwa zaidi ya miaka miwili. Watu walimwogopa kama jini. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika kesi yake ya awali mwendesha mashtaka alidai angeweza kurusha makombora ya nyuklia kwa kupiga mluzi kwenye simu. (Ningekuwa na mluzi wa namna hiyo, Mzee Kipande angekuwa ameshanilipa.) Alitoka gerezani Januari 2000, na tarehe 2 Machi mwaka huohuo akaitwa na kamati ya Seneti aeleze namna ya kujilinda. Aliwaambia kwamba kampuni inaweza kumwaga mamilioni kwenye vifaa, na fedha hizo zote zikapotea bure iwapo mtu ataweza kupiga simu na kumshawishi mfanyakazi mmoja tu.

Alikuwa anakijua anachokisema. Wakati fulani aliipigia Motorola huku akitembea kwa miguu kurudi nyumbani, akajitambulisha kuwa mfanyakazi wa idara nyingine ya kampuni hiyohiyo, akaomba msimbo wa programu ya simu yao mpya. Mwanamke aliyekuwa akimsaidia alipoona faili zinagoma kutoka nje ya kampuni, alimwomba asubiri, akaenda kumwona msimamizi wa usalama. Mitnick alidhani yamekwisha. Yule mwanamke akarudi na nywila ya msimamizi mwenyewe, faili zikapita.

Sasa niambie, Baba Zuhura, mtambo wa milioni kumi na nane ungefanya nini hapo? Msimamizi wa usalama alikuwepo, kizuizi kilikuwepo na kilifanya kazi yake barabara, lakini kila mtu alitaka kumsaidia mwenzake aliyekwama. Asha naye alipigiwa Ijumaa alasiri wakati foleni imefika mlangoni, akatajiwa jina la meneja, akaambiwa mfumo utafungwa saa kumi na wanachama hawatapata mikopo yao. Binti aliyelelewa kuitikia wakubwa kwa adabu angemkatia simu kwa ujasiri gani?

Nami sina ubavu wa kumcheka. Mwaka jana, nikiwa msibani kwa kina Mwanaisha, nilimsomea mtu nisiyemjua tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu, kwa sababu tu alizungumza kwa upole na alijua majina yangu matatu. Ni shemeji yako aliyeninyang'anya simu. Tangu siku hiyo mtu yeyote anayenipigia kwa habari za fedha namwambia nitampigia mimi, kwa namba niliyo nayo, kisha nakata. Wengi hutukana, na waliotukana sijawahi kuwapigia.

Sikatai kwamba kompyuta zenu zile za zamani zinahitaji kutazamwa. Ila narudi kwa Asha: mkimfukuza, karani atakayefuata atajifunza kunyamaza siku akikosea, nanyi mtajua mmeibiwa wakati hesabu zimeshakauka. Huyu alikuja kuwaambia mwenyewe ndani ya saa moja.

Je, kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kumkatia simu anayejiita bosi? Namba halisi ya fundi wenu imebandikwa pale kaunta, au iko kwenye simu ya meneja peke yake? Nywila hiyo moja wanaitumia makarani wangapi? Mwenyekiti akipigiwa yeye, ataitoa baada ya dakika ngapi? Na kamati inakaa lini? Kama ni wiki ijayo, nijulishe mapema nikate tiketi ya basi la alfajiri, maana ningependa niwepo kabla Asha hajaitwa ndani.

Wako,
Baba Idi