Heri na hesabu zake za kupanda

Lubumbashi

Ndugu yangu Amani,

Jambo sana. Habari za siku nyingi, za mama, za watoto? Sisi tuko. Umeme unakuja na kwenda, makala ya kupikia yamepanda bei tena, hayo tutayaongea. Nakuandikia kwa ajili ya Heri.

Yuko kwangu likizo hii, anakula bukari ya watu watatu, na akirudi Afrika Kusini kwenye masomo yake ya urubani anangojewa na mtihani wa kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kutazama vipimo vya ndani tu, bila kuona nje. Akili anayo, ila haraka! Jana nimefungua daftari lake: majibu yote yamekosewa kwa namna moja. Chati, ile ramani ya rubani ya kuondokea uwanjani, inataka ndege ipande futi 350 kwa kila maili ya baharini. Yeye anaangalia mshale wa kasi, unaonyesha noti 100 (maili za baharini kwa saa), anazidisha, anagawa kwa 60, anapata futi 583 kwa dakika, anapiga mistari miwili chini ya jibu. Amemaliza!

Kumbe kasi inayotakiwa hapo ni mwendo wa ndege ukipimwa ardhini, si ule wa mshale. Uwanja wa ndege wa Kavumu kwenu uko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi: mshale ukisema 100, ndege inakata hewa kwa noti 112 hivi. Ongeza upepo wa mgongoni wa noti 15, unafika 127. Piga hesabu upya: futi 741 kwa dakika. Na hewa hiyohiyo nyepesi imeshaipunguzia injini nguvu. Deni limekua, mfuko umepungua. Nikamwambia, kama ndege haiwezi, shusha mizigo au ngoja upepo ugeuke. Akaniuliza nimeendesha ndege lini. Mimi, karani wa mizigo pale uwanja wa ndege wa Luano!

Hapa kwetu nchi ni tambarare, kosa kama hilo linaweza kupita bila mtu kulistukia. Ile asilimia 3.3 ya kawaida, yaani ndege ipande futi 3.3 kwa kila futi 100 za kwenda mbele, ni 2.5 ya kupita juu ya vizuizi, na 0.8 ya usalama. Lakini kwenu mlima Kahuzi umesimama magharibi na mita zake 3,308. Huko ile 0.8 si ya kuichezea.

Njia yake ya mkato ni nzuri, sikatai: asilimia mara noti unapata futi kwa dakika, 3.3 mara 120 ni 396, na jibu kamili ni 401. Ila noti zipi? Hapo ndipo tunagombana kila jioni, na mimi fizikia niliiachia darasani, wewe ndiye unaifundisha.

Basi, utaweza kuongea naye kwa simu Jumapili jioni, umtolee mifano ya upepo wa mbele na wa mgongoni? Intaneti inashika huko? Mama Neema umemwona, anajua mtoto amenenepa? Na ile kesi ya kiwanja imefikia wapi? Wewe mwenyewe, mgongo unaendeleaje?

Nisalimie wote.

Wako,
Dieudonné