Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Waendesha Bodaboda, Kigoma

Ndugu wajumbe wa kamati, wazee wa vijiwe, ndugu wanachama, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Mambo ya kawaida mnayajua. Tumezika wawili, tumechangia wagonjwa watano, vijiwe vya Gungu na Kibirizi vimepata mabenchi, semina ya alama za barabarani ilifanyika Machi. Mapato shilingi 1,346,500, matumizi 1,291,000, baki 55,500. Mchanganuo anao mweka hazina, ambaye leo yuko safarini Kasulu.

Naingia kwenye lile linalosemwa vijiweni tangu Agosti, la mimi kusimamisha mbio zetu za pikipiki mzunguko wa nne kati ya kumi.

Waliokuwepo waliona. Waliondoka 19 kwenye ile njia ya vumbi nje ya Mwandiga. Mzunguko wa kwanza wakaanguka wawili kwenye kona ya mwembe, wakajifuta, tukacheka. Wa pili wakaanguka watatu palepale. Mzunguko wa nne akaanguka mmoja, na wawili waliokuwa nyuma wakampanda, maana vumbi lilitanda mtu humuoni hata akiwa hatua tano mbele yako. Bendera nyekundu ya kusimamisha mbio hatukuwa nayo, ingawa niliiomba kwenye kikao cha Julai. Nikaazima khanga ya mama muuza maandazi, nikaingia nayo njiani mwenyewe. Sikumuona mjumbe mwingine akiingia. Mmoja alivunjika mfupa wa bega, wawili walichubuka, hakuna aliyekufa. Hilo naomba liandikwe kwenye muhtasari.

Naambiwa Ulaya watu wanaanguka na mbio zinaendelea, ati mwenyekiti haangalii MotoGP, zile mbio kubwa za pikipiki za dunia. Naangalia, kwenye banda lilelile la Mwanga, na kiingilio nalipa, tofauti na baadhi yenu. Wanaoitaja waitaje yote. Agosti 2020 pale Red Bull Ring, Austria, waendeshaji Zarco na Morbidelli waligongana, pikipiki zao zikaruka na kukatiza karibu kabisa na wenzao Rossi na Viñales. Bendera nyekundu. Wiki iliyofuata, uwanja uleule, Viñales akaishiwa breki, akajirusha chini pikipiki ikiwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Pikipiki ikaenda kugonga maboya ya hewa ya pembeni, ikawaka moto. Bendera nyekundu tena. Wenye uwanja hawakusema vijana waendeshe kwa adabu. Waligeuza njia yenyewe, na kufikia 2022 pakawekwa vikona vya kuvunja mwendo.

Na Silverstone, Uingereza, 2018? Lami ilikuwa mpya lakini haikunyonya maji. Jumamosi kwenye mazoezi muendeshaji Rabat alianguka, na akiwa bado pembeni akagongwa na pikipiki ya mwenzake aliyeteleza palepale, mguu ukavunjika. Jumapili watu walisubiri kwenye mvua saa nyingi, mwisho mbio zikafutwa. Hakuna aliyepewa pointi hata moja. Kwa hiyo ndugu yetu aliyekuwa akiongoza mzunguko wa nne, anayedai matairi mawili ya ushindi, asome hapo.

Kinachoua zaidi kwenye mchezo huu ni kugongwa na wa nyuma ukiwa chini. Muendeshaji Simoncelli, Sepang, Malaysia, 2011, mzunguko wa pili tu, pikipiki ilimvuta ikakatiza njia, Edwards na Rossi waliokuwa nyuma wakamgonga. Alifariki akiwa na miaka 24. Hao ni mabingwa, mchana kweupe, njia imefagiliwa. Tangu 2018 kila muendeshaji wa mashindano yale analazimika kuvaa suti yenye mfuko wa hewa unaofura akianguka, na pembeni wana kokoto za kumpunguza kasi. Sisi pembeni tuna mtaro na mwembe, na wanne kati ya wale 19 helmeti zao hazikuwa na kamba.

Lipo pia neno kwamba nilisimamisha kwa sababu mpwa wangu aliharibikiwa klachi. Mpwa wangu alikuwa wa saba, klachi yake nzima. Sitaki kulirudia.

Nakiri kanuni ya mbio zikisimamishwa haikuandikwa. Ingeandikwa Julai, lakini kati ya wanachama 112 walikuja 17, akidi ni 38. Kona ya mwembe ilikuwa ajenda namba tatu siku ile. Waliopiga kelele Agosti sikuwaona hata mmoja, na kwenye msiba wa Ujiji tulibeba jeneza watu wanane. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, soda mbili au tatu. Waliomaliza mwaka ni 41. Wengine wana madeni ya tangu mwaka juzi na ndio wa kwanza kuuliza pesa imekwenda wapi. Matibabu ya yule wa bega yamelipwa na chama, sehemu nyingine mfukoni kwangu, risiti ninazo.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata eneo pana lisilo na miti, gari la kumwaga maji kutuliza vumbi, matairi chakavu ya kupanga kwenye kona, na mfadhili. Mazungumzo yanaendelea.

Yale matairi mawili yapo stoo kwangu, hayajaguswa. Anayetaka kuyaona aje na risiti ya ada.