Kalamu na karamu: barua kwa mwanangu Makena

Timau, Jumapili jioni

Mwanangu Makena,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza mvua ilikuwa inapiga mabati, nikashika nusunusu, na nusu niliyoishika ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilikusikia ukisema, "Mama, watoto wengi huku wana Kichwa nyumbani." Nikajua kichwa kinakuuma. Huko Cayambe ulikoenda kwa mazoezi ya ualimu ni juu mno, nawe umetoka chuoni Minnesota, Marekani, kwenye nchi tambarare. Nikamwamsha kaka yako Mwenda saa sita za usiku akuulize kama umepata dawa. Ndipo akaniambia Kichwa ni lugha ya wenyeji wa milima ya Ekuador. Nililala, lakini nililala nikiiwaza lugha hiyo yenye jina kama tuliipa sisi.

Sasa nimeelewa. Nakuandikia kwa mkono kama tulivyozoea, na Mwenda ataipiga picha karatasi moja moja akutumie kwenye WhatsApp.

Kwanza afya yako. Cayambe iko mita 2,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, juu kuliko hapa kwetu. Wiki hizi za mwanzo panda vilima polepole, kunywa maji kila mara, na usiende shule na njaa. Ile supu ya viazi na jibini uliyonitajia, locro, inywe hadi ushibe. Mtu wa Timau hashindwi na viazi.

Nimekutafuta kwenye ramani ya simu ya Mwenda. Mstari wa Ikweta unaopita pale Nanyuki, kwenye kile kibao ulichopigiwa picha ukiwa darasa la pili, ndio huohuo unaopita ubavuni mwa mlima Cayambe, upande wake wa kusini. Mlima wao una mita 5,790, wetu una 5,199. Unapoingia darasani saa moja asubuhi, kwangu ni saa tisa alasiri, nami huwa nimekaa barazani nachambua maharagwe. Saa hiyo nakuombea kila siku, ujue.

Na uliposema mmezungukwa na mashamba ya waridi, nilisimama kabisa. Umeenda upande wa pili wa dunia ukakuta kazi ya mama zako wadogo. Hapo, mwanangu, una kitu ambacho wanafunzi wenzako mliotoka nao chuoni hawana. Wewe umekulia nje ya ua wa grinihausi. Januari ikielekea kwisha utaliona darasa likibadilika. Waridi za Valentaini lazima zichumwe, zipangwe, zifungwe na kupelekwa uwanja wa ndege kabla ya tarehe 14 Februari. Za kwetu nyingi huenda Uholanzi, za huko nyingi huenda Marekani. Mama mtu anafanya saa za ziada hadi usiku. Msichana wa miaka tisa ndiye anayepika na kumlaza mdogo wake. Asubuhi anakuja amechelewa, kazi ya nyumbani hajaigusa, na ikifika saa tatu amelalia daftari. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nawaita watoto hao wavivu. Baadaye nilijifunza kumwacha mtoto wa namna hiyo alale dakika kumi, kisha namwamsha kwa kumpa kazi ya kugawa vitabu. Hata mwalimu mkuu aliponikuta siku moja, sikumwamsha mtoto. Nilimweleza mama yake anafanya kazi wapi, akatoka bila neno.

Sasa nije kwa yule mvulana wa darasani kwako, yule wa Kichwa.

Ulisema anakaa karibu na dirisha, haongei, na kwamba mwalimu mwenye darasa anaona ni haya tu. Huenda ni haya. Lakini ulisema pia, kwa kupitia tu, kwamba wiki iliyopita aliandika misa akikusudia mesa, yaani meza, akaisoma hivyohivyo na darasa zima likacheka. Hapo nilimwambia Mwenda asimamishe ujumbe.

Nilimtuma anitafutie jinsi Kichwa kinavyotamkwa. Kihispania kina irabu tano kama Kiswahili, a, e, i, o, u, tena zinafanana na zetu, ndiyo maana hakikukusumbua ulimi. Kichwa kina tatu: a, i, u. Mtoto aliyelelewa na irabu tatu haisikii tofauti ya e na i, wala ya o na u, hadi sikio lake lizoezwe. Huyo si mzembe wala si mzito. Anasikia kwa sikio la mama yake. Sisi pia tuna meza na misa, na meza hiyo tuliipata kwa Wareno, jirani za hao Wahispania. Angekuwa darasani kwangu angekosea neno lilelile kwa sababu ileile.

Tena wewe mwenyewe uliniambia neno la kwanza ulilojifunza huko ni achachay, la kusema baridi inapochoma. Hilo si la Kihispania, ni la Kichwa, na ulilisikia kwa walimu asubuhi wakifikicha mikono. Mtoto mdogo mnamwita guagua, nalo ni la Kichwa. Kwa hiyo lugha ya huyo mvulana imo shuleni tayari, imo hata katika vinywa vya wanaomcheka.

Nina jambo ambalo sijawahi kukwambia.

Mwaka 1986 nilikuwa katika mazoezi ya ualimu kama wewe sasa, katika shule ambayo sitaitaja. Shule ile ilikuwa na kibao, wengine walikiita disiki, kipande cha mbao chenye kamba. Aliyesikika akisema Kimeru alivikwa shingoni, akae nacho hadi amnase mwenzake akisema Kimeru, naye ampokeze. Jioni kwenye gwaride wote waliokivaa siku hiyo walichapwa. Sikukianzisha mimi, lakini nilikipokea kama nilivyopokea chaki na rejista.

Siku hiyo mkaguzi kutoka chuoni alikuwa amekaa nyuma ya darasa, daftari gotini. Nilikuwa nimejiandaa hadi nukta ya mwisho: azimio la kazi, mpango wa somo, picha nilizochora kwenye manila usiku kucha. Darasa la nne, somo la Kiswahili. Mvulana mmoja akanyosha mkono, akasimama, akasema, "Mwalimu, karamu yangu imepotea."

Unajua ulimi wa kwetu unavyoigeuza l kuwa r. Nilijua alichotaka. Nikamwambia, "Karamu imepotea? Basi tuitafute sote, tupate kula."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi akatabasamu, akaandika kitu. Kijana akabaki amesimama. Alikuwa na sweta iliyofumuka kwenye kiwiko, na ile sehemu iliyofumuka aliishika kwa vidole viwili, akawa anauzungusha uzi, anauzungusha. Kisha akainama kwa jirani yake akamwomba kalamu kwa Kimeru, kwa sauti ya chini kabisa. Jirani akampa kalamu. Akampa na kibao.

Niliona. Nilikuwa namalizia kuandika ubaoni, nikaona kwa pembe ya jicho, nikaendelea kuandika. Jioni alichapwa.

Hakunyosha mkono tena kwa majuma yote niliyobaki pale. Kwenye ripoti nilimwandika hivi: mtulivu, ana nidhamu. Nami nilipata alama nzuri kwa somo lile.

Miaka kumi hivi baadaye nilimwona hapa Timau, kwenye lango la shamba la maua, amevaa gambuti na koti la plastiki la kupulizia dawa. Nilimsalimu kwa Kiswahili, kwa mazoea. Akaitikia kwa kichwa tu, akapita. Nilitaka kumwita kwa Kimeru, nikagundua jina lake nimelisahau. Sauti yake ikisema karamu sijaisahau hadi leo.

Ndiyo maana nakuandikia haraka hivi, badala ya kungoja Jumapili nyingine. Uko katika wiki ya pili. Huyo wako ana sauti bado, ameiweka tu pembeni.

Mwenda amenisomea pia habari za mama mmoja wa hukohuko Cayambe, Dolores Cacuango, aliyezaliwa 1881. Wanamwita Mama Dulu, na hilo "mama" ni mama uliyemzoea. Alizaliwa katika familia ya vibarua kwenye mashamba ya mabwana, akapelekwa Quito kuwa mtumishi wa nyumbani, na ndiko alikokipata Kihispania. Kusoma hakufundishwa. Mwaka 1945, akisaidiwa na mwalimu Luisa Gómez de la Torre, alianza shule za watoto wa wenyeji, wasome kwa Kichwa na kwa Kihispania, na mwalimu alikuwa mwanawe mwenyewe, Luis Catucuamba. Niliposikia hapo nilimwomba Mwenda arudie. Mwanamke asiyejua a wala be akifungua shule! Serikali ya kijeshi ilizifunga mwaka 1963, naye akafa mwaka 1971. Leo katiba yao ya mwaka 2008 inakitambua Kichwa. Lakini wewe na mimi tunajua karatasi ya serikali inavyochelewa kufika darasa la mwisho kwenye ukumbi.

Muulize mwalimu wako, kwa adabu, kama watoto wamewahi kusimuliwa habari za Mama Dulu. Nasema kwa adabu kwa sababu darasa ni lake, wewe umeazimwa. Usimsahihishe mbele ya watoto hata siku moja. Akicheka pamoja nao, mngoje hadi mbaki wawili. Mwambie ulichokisoma kuhusu irabu tatu, mwambie kama mtu anayeuliza. Mimi mwaka ule kama mtu angeniuliza vile faraghani, ningesikia. Mbele ya darasa ningejitetea tu.

Juu ya yule mama wa sokoni aliyekuuliza kama unatoka Chota: hakukutukana, mwanangu, ingawa najua jinsi swali la namna hiyo linavyochosha likirudiwa kila siku. Chota ni bonde lenye joto huko kaskazini, mbele ya Ibarra, wanakoishi watu weusi ambao babu zao walipelekwa utumwani kulima miwa kwenye mashamba ya mapadri Wajesuti. Mwenda alipolisikia jina hilo aliruka. Wachezaji wa Kombe la Dunia la 2006, Agustín Delgado na Ulises de la Cruz, ni watoto wa bonde hilo, na anasema huyo de la Cruz alikuwa akitumia mshahara wake kukijenga kijiji chake. Tafuta Jumamosi moja wewe na mwenzako mpande basi mwende mkawasalimu. Uende kama mgeni mwenye heshima, ununue chakula chao, uketi na wazee. Miguu yako itawapa habari kabla ya pasipoti. Na wale wanaokushika nywele bila kuuliza, waambie hapana, kwa kutabasamu na kwa usted, kama unavyoniambia wanavyosema huko na watu wazima. Heshima hiyo si lazima iende upande mmoja.

Kihispania chako usikionee haya. Watoto wakikusahihisha, washukuru kwa majina yao, mmoja mmoja. Mtoto aliyemsahihisha mwalimu leo akashukuriwa, kesho atathubutu kukosea.

Habari za huku ni chache. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Dada ya baba yako anakusalimu na anauliza kama huko kuna kanisa letu. Mwangalizi wa mashamba ya jirani amesema mwaka huu wanaongeza vibarua wa msimu, kwa hiyo binamu zako wawili wameshapanga kwenda. Niliwaambia watoto wao waje walale kwangu wiki zile mbili, wasibaki peke yao.

Kesho ni Jumatatu. Wakati wa mapumziko, si mbele ya wenzake, mwite yule mvulana. Mwambie wewe pia Kihispania umekikuta ukubwani, na kwamba kwenu nako watoto wamewahi kuchekwa kwa herufi moja. Halafu muulize kalamu inaitwaje kwao nyumbani. Andika anavyokuambia, kwenye daftari lako, yeye akiangalia, akusahihishe hadi aridhike.

Kisha nitumie neno hilo. Nimeacha mstari mmoja wazi chini ya karatasi hii, nitaliandika hapo.

Mama yako anayekupenda